Kipimo cha Mabega ya Mama

Mtaani walimwita Pindo, kwa sababu akiona nguo ya mtu ina uzi unaoning'inia havumilii. Atakushika hapo hapo barabarani aukate kwa meno. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na hata macho yalipomgomea na cherehani ikafunikwa shuka, jina lilibaki palepale.

Mkewe ndiye aliyekuwa na mkono wa bustani. Mbele ya nyumba, kuanzia dirisha la sebuleni hadi getini, alipanda misaipresi mifupi, ile inayokaa kijani mwaka mzima, akailea kama watoto wachanga. Hakuiacha ipite mabega yake. Kila asubuhi alisimama nyuma ya miti hiyo akisalimiana na wapita njia, na umbea wote wa mtaa ulipitia hapo kabla ya kufika kwingine. Pindo akijitolea kusaidia, anafukuzwa.

"Wewe na mkasi wako baki huko na suruali za watu. Miti yangu niachie."

Mama wa watu alipofariki, Pindo aliiacha miti kama alivyoambiwa. Ikatanuka, ikarefuka, ikaziba dirisha, sebule ikawa giza mchana kweupe. Wapita njia hawakumwona, naye hakuwaona. Siku nyingine alikohoa akajishtua mwenyewe, maana ndiyo sauti ya kwanza aliyoisikia tangu aamke. Upweke ulimkaba, tusifichane.

Binti yao wa pekee alikuwa akipiga simu Jumapili. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale.

"Baba, siwezi," alikuwa akisema. "Nikifika getini nikakuta mama hayupo kwenye miti yake, miguu itakataa." Halafu Jumapili moja akauliza, "Hivi miti yenyewe ikoje?"

"Iko vilevile alivyoiacha," Pindo akajibu, mkavu kabisa.

"Basi nitakuja. Mvua zikiisha nitakuja."

Pindo aliweka simu chini. Aliutaka ujio huo kuliko kitu chochote duniani. Akatoa tepu, akatoa chaki. Kipimo hakukitafuta: magauni yote ya mkewe alimshonea yeye, na urefu wa toka mabegani hadi chini aliujua kichwani kama jina lake. Akachora alama ukutani, akafunga uzi toka dirishani hadi getini, akaanza kukata. Kitambaa kikizidi unakipunguza mpaka kwenye chaki. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya. Alikata juu, akakata na pande zote mbili. Ndani alikuta vijiti vya kahawia tupu, bila hata jani moja, maana mti wa namna ile ukijani wake wote uko kwa nje. Akajifariji kwamba vitachipua.

Havikuchipua. Msaipresi ukiukata kupita pale majani yanapoishia, ndiyo basi tena. Mkewe alikuwa akiupunguza ncha tu, kidogo kidogo, mwaka mzima. Pindo angeyajulia wapi hayo, na hakuwahi kuruhusiwa hata kusogea? Mvua zikaja, zikaisha, na miti ikabaki imesimama mstari mnyoofu, urefu sawasawa, imekufa. Naye kila asubuhi alijaza ndoo bombani, akaanzia dirishani, akamalizia getini, kama alivyokuwa akifanya marehemu.

Binti alifika asubuhi, begi mkononi, akasimama nje ya geti bila kuingia. Pindo alikuwa na ndoo yake, na hakuwa na pa kujificha. Binti akanyoosha mkono, akakwangua gome la mti kwa ukucha.

"Baba, huu umekufa."

"Ndiyo."

"Na huu?"

"Yote, mwanangu. Niliikata mimi. Niliikata kwa kipimo cha mama yako, nikasahau kwamba siyo kitambaa. Nilitaka uje."

"Sasa unaimwagilia ya nini?"

"Nisipoimwagilia," Pindo akasema, "nitatoka nje kufanya nini?"

Binti aliingia, akasimama nyuma ya miti akitazama barabarani ili baba yake asimwone uso, na Pindo akaona vile vijiti vimeishia mabegani mwake, havikuzidi wala havikupungua. Jirani mmoja alikuwa akipita. Alisimama ghafla, akamkodolea macho, kisha akasalimia. Binti akaitikia. Halafu akaweka begi chini, akamnyang'anya baba yake ndoo, akauinamia mti wa getini huku machozi yakimtoka.

"Usianzie hapo," Pindo akamwambia taratibu. "Mama yako alikuwa anaanzia dirishani."

Binti akajifuta uso kwa kiganja, akaibeba ndoo hadi dirishani, akaanza upya.