Chuma cha Kitasa

"Hukunirudishia," Losana alisema kwa mara ya tatu, amesimama mlangoni mwa gereji ya nyumbani kwake, mikono kiunoni. "Na mtaa mzima unajua mkono wako ulivyo mwepesi wa kuazima na mzito wa kurudisha."

Hardeo, jirani yake, alijiburura kutoka chini ya gari, uso umejaa michirizi ya oili. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi marehemu Isikeli, mume wa Losana, alikaa na msumeno wa Hardeo tangu kimbunga cha mwaka juzi, na hakuna aliyemwita mwizi. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi kutoka sokoni mjini Lautoka walipunguza mwendo. Ugomvi wa Losana na Hardeo haukupitwa hivihivi.

Kilichogombewa ni kipande cha chuma kisichozidi kidole. Kizibo cha oili cha gari lile la Kifaransa la Isikeli hakikuwa na kichwa cha kushikwa kwa spana. Kilikuwa na tundu la pembe nne, na ufunguo wake Isikeli aliuchonga mwenyewe kwa tupa, akatembea nao mfukoni miaka yote. Jumamosi ingetimia siku ya mia tangu azikwe. Losana alipaswa kuwapeleka ndugu kijijini kwao alikozikwa, juu milimani, kuondoa mwiko wa msiba. Kwa oili iliyoganda kama lami, injini isingemaliza hata mwinuko wa kwanza. Hardeo alitaka kutumia patasi na nyundo. Losana alikataa katakata: kipasuke kitu huko chini, Isikeli aachwe peke yake siku yake?

Hardeo alifuta mikono taratibu, akasubiri wale wanawake wapite.

"Shemeji," alisema, "siku ya mazishi nilisimama upande wa kichwani mwa jeneza. Ulimtilia ufunguo mfukoni mwa koti. Nilikuona."

Vidole vya Losana vilikumbuka ubaridi wa chuma kile kabla hajakubali kukumbuka yeye. Miezi yote mitatu, kila jioni moshi wa kiwanda cha sukari ulipotanda, alisikia chuma kikigonga chuma chini ya gari, polepole, kama mtu anayepapasa gizani. Alijiambia ni Hardeo, kaja kuchokoachokoa. Ndiyo maana ufunguo ulilazimika kuwa kwa Hardeo.

"Jioni huwa huingii humu?" aliuliza.

"Jioni niko zamu kiwandani, shemeji. Unajua."

Alijua.

Hardeo akavuka ua, akarudi na donge la unga wa chapati aliloliiba, kwa maneno yake, mbele ya macho ya mkewe. Alilishindilia kwenye tundu, akalitoa likiwa na pembe nne safi. Wakazunguka nalo nyumba nzima wakipimisha: mguu wa cherehani, koleo, mpini wa tupa. Kimoja chembamba, kingine kinene.

Losana alilitazama lile donge. Nyumba zile kuukuu za kiwanda zilikuwa na vitasa vya kizamani, na kati ya mkono mmoja wa kitasa na mwingine hupita chuma cha pembe nne. Nyumbani kwake kitasa cha aina hiyo kilibaki kimoja. Kilikuwa kwenye mlango alioufunga siku walipomtoa Isikeli chumbani. Tangu hapo yeye alilala sebuleni, juu ya mkeka.

"Upo mlango," alisema.

Hardeo alielewa ni upi. Akasema haraka kwamba kesho angeweza kwenda mjini kuulizia. Losana alikwishashika bisibisi. Aliilegeza skrubu mwenyewe, akakivuta kile chuma, na mikono ya kitasa ikamwangukia viganjani. Ilikuwa na joto, kama iliyoachiwa sasa hivi.

Chuma kiliingia kwenye kizibo bila kusukumwa. Kizibo kililia mara moja, kikazunguka, na oili nyeusi ikamwagika muda mrefu, wao wamechuchumaa wakiitazama.

Adhuhuri Losana alipakua samaki na majani ya magimbi kwa tui, wakaketi mkekani. Hawajala hata nusu, mlango wa chumbani ukaanza kufunguka. Nje moshi wa kiwanda ulikwenda juu wima. Hapakuwa na upepo. Mlango ulikwenda taratibu, ukasimama ulipoacha nafasi ya kutosha mabega ya mtu.

Tonge la Hardeo lilibaki hewani.

Losana alisogeza sahani yake pembeni, akajivuta, akaacha nafasi mkekani. Kisha, bila kuinua macho, akasema kwa sauti ileile ambayo watu wa mtaani kwao humwitia yeyote apitaye nje wakati wa chakula:

"Karibu. Njoo ule."