Sura ya Mama Mkwe

Mihayo alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Vijana wa siku hizi huko Masumbwe wanakaa meza moja na mama mkwe, wanagombania vipapatio vya kuku, wala hawana habari. Mihayo hapana. Tangu amuoe Martina hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni. Akimwona njiani aliingia kwenye mahindi mpaka apite. Shikamoo aliitoa akiwa nyuma ya ukuta, macho chini, naye mama mkwe aliitikia marahaba akiwa amejifunika kanga. Wazee walimsifu sana kwa hilo.

Basi yalipokuja mafunzo ya kuandikisha watu bima ya afya, yale ya kusomea kwenye simu, Mihayo akawa wa kwanza kijijini kuyamaliza. Jioni alipanda kichuguu nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, akamsikiliza mwalimu wao, Eunice wa Shinyanga mjini, akirudia somo lile lile: mtu mpige picha wewe mwenyewe, ana kwa ana, usipokee picha ya kuletewa, maana hospitalini watamtambua kwa sura. Mihayo alijibu maswali yote, akapata cheti, akakitundika sebuleni, akaanza kuwaandikisha wanakijiji. Tena akawa na mdomo huyo! Wazee walioogopa kupigwa picha aliwacheka mbele za watu, akawaambia ujinga wao ndio utakaowaua.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Bibi Mageni alikuwa na uvimbe tumboni, na maumivu yalikuwa yamemkondesha. Alikuwa ameuza mbuzi wake ili alipe mchango wa bima, kwa sababu daktari wa upasuaji alikuwa anakuja hospitali kwa wiki moja tu, na akiondoka haijulikani atarudi lini. Mihayo akakwama. Atampigaje picha mtu asiyeruhusiwa kumtazama?

Akaona ajiongeze. Kwenye simu ya Martina kulikuwa na picha ya harusi ya shemeji yake, na ndani yake wanawake wawili wa makamo wamevaa sare ya kitenge kimoja. Mmoja wao bila shaka ni mama mkwe. Lakini yupi? Yeye alimjua bibi kwa sauti, kwa mwendo na kwa kanga zake. Sura hakuijua. Angemuuliza mkewe, yangeisha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ila mwandikishaji wa kijiji kizima, tena mwenye cheti, ataulizaje kitu kama hicho? Akamchagua aliyekaa karibu na maharusi, akaikata picha, akaituma.

Siku ya kwenda hospitali, Martina alimsindikiza mama yake. Wakarudi mapema mno juu ya bodaboda, bibi amejikunyata, ameshika tumbo. Martina alimsimulia mumewe kwamba mtu wa mapokezi aliangalia kompyuta, akamwangalia bibi, akasema kwa sauti kuwa mwenye bima hiyo hana kovu usoni, kwa hiyo bibi amekuja kutibiwa kwa jina la mwingine. Foleni nzima ikageuka. Kuna aliyesema hata wazee siku hizi ni wezi. Bibi Mageni, ambaye hajawahi kuchuma hata bamia la jirani, akatoka nje analia.

"Kovu gani?" Mihayo akauliza.

Martina akaomba simu. Alipoiona ile picha alisema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni mama mkubwa Sesilia, dada yake mama. Mihayo alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwaza wale wazee aliowaita wajinga, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Akapanda kichuguu, akampigia Eunice. Mwalimu hakumgombeza, na hilo likamuumiza zaidi. Alimwambia picha inaweza kubadilishwa siku hiyo hiyo, na bibi akawahi kesho kabla daktari hajaondoka, lakini aipige Mihayo mwenyewe kwa simu yake.

"Kaka, somo lile hukulielewa?"

"Nililielewa," Mihayo akasema.

Alikwenda kwa mama mkwe. Alipobisha, bibi alijifunika na kugeukia ukutani, kama ilivyo desturi. Mihayo akapiga magoti mlangoni, akamweleza yote, hata lile la kuona haya kumuuliza mkewe. Waswahili walisema uso umeumbwa na haya, na siku hiyo wake ulikuwa umeinamia udongo.

Bibi Mageni akageuka, akaishusha kanga mabegani.

Mihayo alinyanyua simu haraka, akajificha nyuma yake, akabonyeza huku amefumba macho. Simu ikakataa: picha haionekani, rudia. Akarudia. Ikakataa tena.

"Iweke chini hiyo simu, Baba Zipora," bibi akasema. "Nitazame mimi kwanza, unijue."

Akatazama. Yalikuwa macho ya Martina yaliyozeeka, na juu ya jicho la kushoto kovu refu lililopita kwenye nyusi hadi shavuni. Kila mtu kijijini alilijua kovu hilo isipokuwa yeye.

"Nililipata siku Zipora anazaliwa," bibi akasema. "Nilikuwa nimempakata mke wako kwenye bodaboda, uchungu umembana, tukaanguka. Nilimkinga yeye, nikaangukia uso. Wewe ulikuwa Bugarama kwenye dhahabu. Uliporudi ulinishukuru nikiwa nyuma ya ukuta."

Mihayo akalia bila kujificha. Bibi alimsubiri, mkono tumboni, mpaka alipoweza kuishika simu.

"Haya, piga," akasema. "Na kovu lionekane vizuri, wasije wakanifukuza tena."