Kidonge cha Kaka

...na usiongee, amesema nesi, usikunje miguu, kaa hivyo hivyo dakika tano tutapima tena, kama vile mtu anaweza kukaa hivyo hivyo akiwa ameshaiona namba ya presha, mia na tisini na mbili juu ya mia na kumi na nane, nimeiona kabla hajageuzia mashine upande wake, nesi mwenyewe mdogo, rika la binti yangu wa kwanza, na uso wake ulibadilika kidogo, kidogo tu, kama wa mtu aliyesikia mlango ukifunguka nyuma yake, halafu akatabasamu, "Labda umepanda ngazi haraka, baba," nikasema labda, mimi ninayepanda ngazi za kreni mita sitini kila asubuhi mwaka wa kumi na saba huu, vipandio saba vya zahanati ya kampuni vinifanye nini... pumua, pumua taratibu, mkanda umelegea lakini bado umenikumbatia mkono, nitazame ukuta, ukutani wamebandika picha ya moyo uliokatwa nusu, nani anabandika kitu kama hicho mbele ya mtu aliyeambiwa atulie, nitazame sakafu... nyuma ya pazia ameshaanza na mwingine, ni mfunga mizigo wangu, nimemtambua kwa kicheko, yeye husimama chini akifunga nyaya kwenye vyuma, mimi juu, ananiambia kwa redio pandisha, shusha, zungusha, miaka sita sauti yake imekaa sikioni mwangu kuliko ya mke wangu, "Ziba jicho la kulia, soma mstari wa chini," nesi anamwambia, naye anazitiririsha herufi bila kusita, haraka haraka, leo tunapimwa wote, asiyepita anapelekwa stoo kugawa glovu, na mimi stoo siendi, nikienda stoo mimi ni nani, nyumbani watasema baba alikuwa anaendesha kreni... hapana, usiwaze hivyo, ukiwaza hivyo inapanda, fikiria kitu cha baridi, fikiria maji, maji yenyewe huwa sinywi, ukinywa maji kule juu lazima ushuke, kushuka na kupanda ni nusu saa, msimamizi anakuangalia kama umeiba, basi soda moja mchana na sigara nusu pakiti, jioni mkojo rangi ya chai ya rangi, tunacheka, tunaita chai, nani alituambia ni jambo la kuchekesha... na nilijiandaa jamani, siku tatu sikugusa chumvi, mke wangu miaka miwili ananipikia bila chumvi, na mimi kazini nina chumvi yangu mfukoni kwenye kijikaratasi kama mvuta bangi, juzi nikamwambia mama watoto, chakula leo kitamu, akanitazama tu, mke akikutazama vile ujue siri yako nusu ameshaijua, na kitunguu saumu nimetafuna hadi dereva wa basi la kampuni akashusha kioo, mbinu zote hizi ni za kaka, kaka yangu mkubwa, mpaka rangi wa maghorofa, ndiye aliyenifunza, "Kupimwa ni siku moja, mdogo wangu, jilinde siku hiyo tu," na alipita, kila mwaka alipita, mwaka jana alipita mwezi wa tatu, mwezi wa tano shemeji akamkuta sakafuni bafuni, bomba linamwaga maji, shavu moja limenyolewa na moja lina povu, mdomo umekwenda upande... sasa amebaki na neno moja, ndiyo, kaka una njaa, ndiyo, kaka umeshiba, ndiyo, unanijua mimi nani, ndiyo, watoto wake walicheka siku ya kwanza, siku ya pili hawakucheka, na jana jioni nilikwenda kumwona, sio kumwona, niseme ukweli angalau humu kichwani ambamo hakuna mtu, nilikwenda kuiba, shemeji alipotoka kuanua nguo nikafungua kopo la dawa nikatoa kidonge kimoja cheupe, nikijua kaka amelala, kugeuka, macho yake yako wazi, "Ndiyo," akasema, nikamwambia kimoja tu kaka, cha kesho tu, "Ndiyo, ndiyo, ndiyo," mkono wake mzima unapiga godoro, chozi linashuka, nami nikajiambia ananiruhusu, nikakitia mfukoni karibu na chumvi, nikamuaga shemeji, akanifungia na maparachichi mawili... leo alfajiri nimekimeza, kwa hiyo, ngoja, kwa hiyo mia na tisini na mbili imetoka na kidonge kikiwa ndani, na siku tatu bila chumvi, na kitunguu saumu, basi bila hivyo ni ngapi, Jumatano ilikuwa ngapi... sio Jumatano, usiiguse Jumatano, inapiga sasa, naisikia masikioni, dum, dum... Jumatano saa nne, jua la kawaida, nondo tani moja na nusu zinaning'inia, ninazungusha kwenda kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaozungusha, nikasema simamisha, mkono haukusikia, nikautazama, umelala juu ya mpini kama mkono uliosahauliwa na mtu mwingine, vidole vyangu, pete yangu, na mzigo unakwenda, unapita juu ya kofia za njano, moja, mbili, nne, nikavusha mkono wa kulia nikaukamata mpini, ukasimama, ukayumba, ukasimama, na kwenye redio, "Vipi huko, mzee?" nikasema upepo, ulimi mzito kama nimetoka kung'olewa jino, "Upepo gani, huku hata vumbi halijatikisika," halafu akacheka, akasahau, mimi dakika nne nasugua mkono kwenye paja hadi ukarudi kama umejaa sisimizi, na nikaendelea na kazi, nikaendelea hadi saa kumi na moja, na jioni tunateremka na yeye huyu huyu, nikamwambia kichwa kinaniuma, akasema labda presha, halafu akasema hapana, presha ni ya wanawake, sisi wanaume tuna hasira tu, tukacheka wote wawili... "Sasa nageuza ubao," nesi anasema kule, "jicho lile lile, soma tena," na sasa anasita, "Ya kwanza ni... hapo kama kuna ukungu, dada," "Na hii kubwa ya juu?" "Hiyo... taa yenu nayo hafifu," taa sio hafifu, taa inanichoma macho, alikuwa amekariri, mfunga mizigo wangu hakuona kitu, herufi alizipata kwa wenzake waliotangulia, miaka sita ananyoosha shingo ananiangalia mimi juu, ananipungia mkono, hanioni, anaamini tu nipo, na mimi naamini anaiona ndoano, Jumatano zile kofia za njano, ya pili ilikuwa yake, hakukwepa, nilijiambia ni jasiri, hakukwepa kwa sababu hakuuona mzigo ukija... "Tafadhali usiandike, dada yangu," anasema chini chini, ile sauti ya redio ndogo kabisa, "nina watoto," nami pia nina watoto, kaka ana watoto, wanamlisha uji kwa kijiko wakimfuta kidevu, na kaka jana hakuwa ananiruhusu, nimelijua hilo tangu jana, mtu mwenye ndiyo peke yake akitaka kukataa afanye nini zaidi, apige godoro, alie, alikuwa anasema usipite, mdogo wangu, usipite kama mimi... viatu vya nesi vinakuja, dakika tano zimeisha au hazijaisha, moyo haujatulia hata kidogo, naogopa, naogopa kuliko Jumatano, pazia linavutwa, "Umepumzika, baba? Tujaribu tena, safari hii itashuka," anakaza mkanda, kidole chake kiko kwenye kitufe, mwache abonyeze, itasema itakachosema, sina cha kuishusha tena, lakini atataka kuandika dawa na hajui nimemeza nini, "Mwanangu, subiri kwanza," namwambia, na sauti ni yangu, haina uzito, "leo asubuhi nimemeza kidonge cha presha cha mtu mwingine, na Jumatano mkono huu ulikufa dakika nne, mzigo ukiwa juu ya watu," kidole chake kimetoka kwenye kitufe, na nyuma ya pazia mfunga mizigo, aliyekuwa bado anambembeleza nesi kutoka kule, ameacha kubembeleza, anauliza, "Kumbe haukuwa upepo, mzee?"