Hadithi Isiyouliza

Pascalia alikuwa amebakiwa na siku nne za kusema. Daktari wa Eldoret hakumficha: uvimbe umeshika koo, Jumatatu kisanduku cha sauti kitatolewa, na kuanzia hapo atapumua kwa tundu la shingoni. Basi Alhamisi akavaa gauni lake la kanisani, akaenda ukumbi wa Shirere. Huko Weldon na wenzake watatu, wapiga fidla na cello, walitaka kumrekodi akisimulia ile hadithi ya msichana aliyetelekezwa msituni na wenzake wa kuni.

Miaka miwili alikuwa amewakatalia. Hadithi na fidla wapi na wapi? Lakini nyumbani alikuwa na wajukuu wawili, Gentrix na Sammy, na mama yao alikwisha kuzikwa. Nani angewasimulia? Rekodi aliitaka kwa ajili yao tu. Wengine wakiipenda, heri yao.

Mvua iliwachelewesha, maana mabati hayana adabu. Ilipokatika, Pascalia akaanza. Sauti ilikwaruza, ila ilikuwepo. Mara tano msichana aliimba akiwa ndani ya mti uliommeza, fidla zikilia chini ya sauti yake, na kila wimbo ulipokwisha Pascalia aliuliza, "Gentrix, Sammy, mko nami?" Kisha alinyamaza, kwa kipimo cha watoto wawili wanaogombea kumjibu nyanya yao, "Tuko, Kukhu, songa." Kwao hadithi isiyoitikiwa haiendi, afadhali msimulizi alale nayo mdomoni. Kila alipouliza, Weldon alitikisa kichwa na kumsogezea maji. Pascalia akafurahi kuwa kijana anaitikia kimoyomoyo asiharibu rekodi. Hakuona haja ya kumweleza chochote. Nani asiyejua kuwa hadithi huitikiwa?

Wiki sita baadaye Weldon alikuja mwenyewe na spika ndogo, akaiweka mezani kando ya birika la chai. Pascalia, kitambaa shingoni, akawakalisha watoto mbele. Sauti yake ilipotoka mle ndani, alilia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Gentrix alivuta pumzi, tayari. Hadithi ikapita moja kwa moja hadi kwa baba wa msichana. Wimbo wa pili, vivyo hivyo. Sammy alimgeukia dada yake, dada akamwashiria angoje. Kufikia wa nne walikuwa wamekunja mikono, wanasikiliza kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari.

"Imetoka safi, Mama," Weldon alisema ilipokwisha, uso umemchangamka. "Pale ulikuwa unasimama kuita watoto, nimepatoa pote. Tulijua ni ugonjwa, ulikuwa unachokanga, mawazo inaenda nyumbani. Sasa hakuna mtu atajua ulikuwa mgonjwa."

Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililomuuma Pascalia zaidi. Kijana angekuwa mjeuri, angemchukia yakaisha. Alichukua daftari lake, akaandika: Sehemu zile ndizo nilizozitaka. Zirudishe.

Weldon alisoma, akasoma tena. Alikalia mikono yake.

"Nilifuta, Mama. Kompyuta ilikuwa imejaa." Akaigusa spika. "Naweza kuweka kimya pale. Lakini sauti yako ikiwaita, hiyo sina."

Pascalia alimpigapiga begani, kwa kuwa kijana alikuwa karibu kulia na yeye ndiye mkubwa hapo. Gentrix alisoma daftari, akainama.

Lakini Sammy alikuwa na miaka minne, hajui kusoma. Alikuja akasimama kati ya magoti ya nyanya yake, akaielekezea spika kidole.

"Kukhu, kwani sisi hukutuona?"

Pascalia alifungua mdomo haraka kumjibu, na pumzi ikamtoka shingoni, ikapeperusha kitambaa.