Benchi la Mguu Mbovu

Nyuma ya mashine ya mwisho, kwenye chumba cha kufulia cha bweni, palikuwa na nafasi ya godoro moja. Godoro lenyewe Profesa alipewa na mlinzi wa bweni, kwa sharti kwamba asubuhi, kabla wanafunzi hawajaanza kushuka na vikapu vya nguo, liwe limesimamishwa nyuma ya mlango na yeye awe hayupo.

"Mimi sijakuona," mlinzi alisema. "Na wewe hujaniona. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka."

Alilala na koti, soksi na kofia. Mashine iliyotumika mwisho ilibaki na joto kidogo, naye aliuegemeza mgongo wake hapo mpaka joto likaisha. Jina la Profesa alipewa mtaani kwao, kwenye karakana ya baba yake seremala, kwa kuwa tangu utotoni hakuwahi kuokota kipande cha gazeti kilichofungia misumari asikisome kwanza. Lilikuwa jina la utani. Alipopata ufadhili wa kwenda kusomea ujenzi wa madaraja ng'ambo, utani ukaisha na watu wazima wakaanza kumwita hivyo bila kucheka. Sasa Profesa huyo alikuwa anakunja godoro asionekane na watoto wa wenzake.

Alikuwa amefika masomo yamekwisha kolea. Chumba chake kilipewa mwingine. Vikundi vya maabara vilikwisha gawanywa, na mhadhiri alipomwuliza mbele ya darasa zima, "Wewe ni wa kikundi gani?" akajibu kwamba bado hana. "Basi kaa popote," mhadhiri alisema, na popote ikawa kiti cha nyuma karibu na dirisha, peke yake. Wenzake hawakuwa wabaya. Walikuwa wamekwisha zoeana tu, wana vichekesho vyao, na kila alipojitokeza ilibidi mtu aanze kueleza upya.

Lililomtesa zaidi lilikuwa kadi. Chuo kile kila mlango ulifunguliwa kwa kadi: maktaba, bwalo la chakula, hata choo cha ghorofani. Profesa alisimama mlangoni akijipekua mifuko mpaka apite mwenye kadi, kisha akamfuata kwa nyuma akitabasamu. Tabasamu lile lilimchosha kuliko njaa.

Kadi hutolewa kwa aliyesajiliwa, na usajili ulikwisha fungwa. Tumaini lake lilibaki kwa karani wa ofisi ya wanafunzi wageni, mwanamke wa makamo aliyependa kuvaa sweta la kijani.

"Shikamoo mama. Leo je?"

"Unaniita mama, na mimi sina mtoto mrefu hivyo," karani alicheka. "Nimemwandikia mkuu. Ni vigumu, sikufichi. Lakini nitaona la kufanya. Rudi kesho."

Profesa aliyajua maneno hayo. Aliyajua kuliko alivyoijua salamu.

Kwao, kibali cha kwenda kusoma nje kilitolewa na afisa mmoja wa ghorofa ya pili. Nje ya mlango wa afisa palikuwa na benchi la mguu mbovu. Ukikaa vibaya linakumwaga. Profesa alilikalia msimu wote wa mvua, barua ya ufadhili imo kwenye mfuko wa nailoni, mpaka akajua pa kuweka uzito. Afisa alipita akielekea kula, akapita akirudi. "Faili lako lipo, kijana. Nitaona la kufanya. Njoo kesho."

Kila jioni baba yake alimwuliza bila kuinua macho kwenye randa, "Wamesemaje?"

"Kesho, baba."

"Basi kesho. Haki yako hainunuliwi, mwanangu. Nikikununulia, haitakuwa yako."

Baba yake alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliwahi kunyimwa kazi ya madawati ya shule nzima kwa kukataa kumgawia mkubwa mmoja, na mwaka huo watoto wake walivaa viatu vya kurithishana. Wenzake wa ubao na msumeno walimwita Mtakatifu, na hawakumaanisha wema. Profesa alimpenda sana baba yake, na wakati mwingine alitamani angekuwa mbaya kidogo tu.

Aliyevunja mwiko alikuwa mjomba, kaka wa mama yake, muuza matairi makuukuu.

"Shemeji yangu anataka kwenda peponi, wewe unataka kwenda chuo," mjomba alimwambia. "Hizo ni safari mbili, mpwa wangu, na basi lake siyo lako. Mkono mtupu haulambwi." Akamfundisha kama mtu anayefundisha kuziba pancha. Noti inakunjwa mara moja, inachomekwa kwenye pasipoti, ukurasa wa picha. Husemi kitu. Akikurudishia, usipokee. Hapo hajakataa, anakuheshimu, anataka umsihi.

Kesho yake kibali kikaonekana. Kumbe muda wote kilikuwa chini ya faili jingine. Masomo ng'ambo yalikuwa yameanza zamani.

Baba alikishika kile kibali kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. "Umeona, mwanangu? Subira huvuta heri." Profesa aliitazama sakafu ya karakana, iliyojaa maranda.

Basi alipotoka kwa karani wa sweta la kijani, alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake na kutoa noti ambayo mjomba alimtilia kwenye soksi siku ya safari. Wala hakumchukia karani. Alisikitika kidogo, basi, kwamba na huku ni yale yale.

Asubuhi karani alimpokea uso umechanua. Nyuma yake, kwenye kabati la mafaili, alisimama mkuu wa usajili, amewapa mgongo.

"Njoo, njoo. Nipe pasipoti nihakikishe jina."

Akaifungua. Noti ikateleza juu ya meza. Karani aliitazama, akamtupia jicho mkuu wake, kisha akaisukuma upesi kwa vidole viwili kuelekea kwa Profesa.

"Umesahau hela zako humu," alisema kwa sauti ya chini.

Akikurudishia, usipokee.

"Hapana mama, sijasahau. Ni yako. Ya chai."

"Chukua hela zako, kijana." Macho ya karani yalikuwa yanamwomba, na Profesa akadhani yanamwomba amsihi. Akaishika noti, akaiweka kiganjani mwa yule mama na kuvikunja vidole vyake juu yake, kwa upole, jinsi mtu anavyomlazimisha mkubwa wake apokee zawadi.

"Tafadhali, mama. Usinikatae."

Mkuu wa usajili aligeuka.

Karani akafumbua mkono na kujishika kifuani. Ndipo Profesa alipoiona: pale mezani, karibu na kiwiko cha karani, kadi mpya ya plastiki, ina picha yake.

Kwenye kikao cha nidhamu walimwuliza maswali kwa adabu sana. Nani alimfundisha? Je, kuna mfanyakazi yeyote aliyemdai? Karani alitoa ushahidi akiangalia meza, na mara mbili alisema kwamba kijana hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwuliza alichelewa kwa nini, wala analala wapi. Mwishowe wakaamua asimamishwe, ila shauri lake lingeweza kutazamwa tena endapo kwao kungetoka barua ya kuthibitisha uadilifu wake.

"Isainiwe na afisa aliyetoa kibali chako," mwenyekiti alifafanua.

Profesa alicheka. Hakupenda kucheka, kicheko kilimtoka tu. Katibu akaandika kwamba mtuhumiwa alicheka.

Alimpigia baba yake simu kutoka chumba cha kufulia, mashine zikinguruma, na akamweleza yote. Ya noti, ya karani, ya mjomba.

"Baba?"

"Kwa hiyo haikuwa subira," baba alisema.

Kisha simu ikakatika, na alipopiga tena haikupokelewa.

Siku zikapita. Mlinzi alianza kukwepa macho yake. "Ndugu yangu, wameanza kuniuliza," alisema hatimaye. "Mimi nina watoto. Nakupa mpaka Ijumaa." Profesa alimwambia asijali. Alikuwa amekwisha kaa kwenye sanduku lake, akisubiri, pale kati ya mashine na ukuta, simu ilipolia. Alhamisi, mchana kweupe.

Kwanza alisikia randa. Ilikuwa inateleza juu ya ubao, inarudi, inateleza.

"Uko kazini, baba?"

"Niko kazini. Nina meza ya kumaliza."

"Meza ya nani?"

Randa ikasimama.

"Ya afisa," baba alisema. "Hakuniomba, mwanangu, usimsingizie. Alisema tu kwamba meza yake imechakaa. Nikachukua vipimo."

"Mbao umetoa wapi?"

"Zile za kitanda cha dada yako. Ataolewa, atalala juu ya kitanda chochote." Alikohoa. "Barua ataisaini meza ikifika. Nimemwambia itakuwa tayari leo. Amesema nirudi kesho."

Profesa aliufunika mdomo kwa kiganja. Alitaka kusema samahani, na neno lenyewe likawa dogo mno.

"Nimelikalia lile benchi lako," baba aliendelea. "Lilikuwa karibu linimwage. Ule mguu umelegea tu, unataka kabari na gundi. Nikamwambia afisa, mzee, hili nakutengenezea bure, kazi ya dakika mbili."

"Akasemaje?"

"Kasema niliache hivyo hivyo. Kasema likikalika vizuri, watu hawataondoka."

Baba hakukata simu. Aliiweka mahali fulani juu ya ile meza na kuanza tena kupiga randa, na Profesa akakaa juu ya sanduku lake akiisikiliza.