Bi Tatu Afutwa Hadi Magotini

Jana mchana, wali wa nazi ukiwa bado mzito tumboni, Salha aliota ameingia kwa miguu ndani ya tovuti aliyokuwa akiitengeneza.

Ilikuwa tovuti ya kikundi cha wanawake wa Tanga wanaofuma vitambaa vya makochi. Salha ndiye aliyejua kompyuta, basi kazi akabebeshwa yeye. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa jambo moja: mwenyekiti, Bi Mwantumu, alitaka jina la Bi Tatu liondolewe kwenye ukurasa wa wanachama. Bi Tatu ndiye aliyewafundisha wote kushika sindano ya kroshia. Kosa lake ni kusema mkutanoni kwamba waridi alilofuma mwenyekiti linafanana na kaa. Wiki nzima Salha alikuwa akizungukazunguka, hamfuti wala hakatai.

Sasa yuko getini. Geti linataka neno la siri. Salha akalitaja. Geti likasema ni dhaifu, litiwe herufi kubwa. Akalitamka kwa kupayuka. Likataka pia alama maalumu. Salha akajikuna shingo asijue la kufanya, geti likasema hiyo inatosha, likafunguka.

Ndani ni sebule. Wanachama wote wako ukutani, kila mmoja kwenye picha yake ya wasifu, kuanzia kifuani kwenda juu. Bi Mwantumu alituma picha yenye ukungu, kwa hiyo hata sauti yake ina ukungu. Bi Tatu hakuwahi kutuma picha, ndiyo maana amekaa kochini mzima mzima, anafuma.

"Mfute," mwenyekiti akasema.

Kitufe cha Futa kikaingia na tambara bichi mkononi. Kikamuuliza Salha kama ana uhakika. Salha akatazama sakafu. Kitufe kikasema kwamba, kwa mujibu wa utaratibu, kutazama sakafu ni ndiyo.

Kinaanza na vidole vya miguu. Kinafuta visigino, kinafuta vifundo. Bi Tatu anainua gauni kidogo lisilowe. Anaomba tu kiende taratibu kwenye goti la kulia, lina baridi yabisi.

Kilipofika magotini, vitambaa vyote vya makochi vikaanza kufumuka, maana fundo la kwanza la kila kimoja lilitoka mkononi mwake. Uzi ukapanda ukutani. Bi Mwantumu naye akaanza kufumuka, kuanzia sikioni. Kwa ile sauti yake ya ukungu akakubali kwamba labda waridi lile lilikuwa na miguu miguu kidogo.

Salha akakiita kitufe cha Tendua, kirudishe kilichofutwa. Futa, huku kikikamua tambara, kikamweleza kwamba Tendua hakipo, na mwenye kazi ya kukitengeneza ni yeye. Basi Salha akaketi sakafuni, akaokota uzi, akaanza kumfumia Bi Tatu miguu mipya. Machozi yanamtoka, mikono haisimami. Bi Tatu anamwelekeza kutoka juu: hapa ongeza, hapa punguza, kisigino usikibane.

Alipomaliza, Bi Tatu akasimama, akaitazama miguu yake.

"Wa kulia umeuweka kushoto, mwanangu."

Salha akaomba aifumue aanze upya.

"Iache. Nitaenda nayo hivyo hivyo."

Salha akaamka. Hata maji hakunywa. Alijitupia mtandio akaenda kwa Bi Tatu kumwomba picha ya kuweka kwenye ukurasa wa wanachama, mwenyekiti apende asipende. Alimkuta barazani anafuma. Akamwamkia, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa. Bi Tatu aliitikia marahaba, akasema picha apige tu, ila asimcheke: tangu ainuke kwenye usingizi wa mchana, kandambili zilikuwa hazimkai mpaka avae ya kushoto kulia na ya kulia kushoto.

Salha akarudi nyuma kidogo, ampate mzima, mpaka miguuni.