Kinyozi wa Vibali

Jumatatu ya pili ya Oktoba 1992, saa mbili na nusu asubuhi, sajini Eustache alishusha magunia sita ya sukari mbele ya Ofisi ya Kukagua Askari na Vibali, huko Kacyiru, mtaa wa mji mkuu, akaomba sahihi. Ndani ya magunia hamkuwa na sukari. Mlikuwa na vibali vya kuishi mjini, ambavyo yeye na askari wake walikuwa wamewanyang'anya wapishi, wafua nguo na wabeba matofali waliotoka mikoani, pale kwenye kizuizi cha Kimihurura, tangu mwezi wa Juni. Sheria mpya ilisema karatasi yoyote iliyochukuliwa na askari imfikie mkaguzi ndani ya siku thelathini. Sajini alikuwa amechelewa kwa miezi mitatu, na hata sasa hakuonekana kuwa na haraka.

Mkaguzi aliitwa Mutabazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla serikali haijaunda ofisi hiyo na kumpa meza, mhuri, na chumba chenye dirisha lisilofunguka. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono, akautoa umejaa nywele.

Picha zilikuwa zimeota nywele. Mwanamume aliyepigwa picha kidevu kitupu sasa alikuwa na ndevu zilizovuka ukingo wa karatasi na kuning'inia urefu wa kiganja. Misuko ya wasichana ilikuwa imefumuka yote. Vibali viwili vya ndugu mapacha vilikuwa vimeshikana ndevu, ikabidi vitenganishwe kwa kitana.

"Vilikuwa hivi?" Mutabazi aliuliza.

"Sisi tuliweka tu, shefu," sajini alisema. "Gunia iko na joto."

Mutabazi alijaza fomu ya mapokezi. Penye "Hali ya vitu" aliandika: vimeota nywele. Wote wawili wakatia sahihi, sajini akaenda zake.

Shida ilikuwa kifungu cha saba. Kifungu hicho kilitaka kibali arudishiwe mtu anayefanana na picha, mbele ya askari aliyekichukua, na askari huyo aandike kwa mkono wake kwamba anamtambua. Siku ya kwanza walikuja watu arobaini. Hakuna aliyefanana na kichaka.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mukabalisa, mpishi katika nyumba moja ya Kimihurura. Alikuwa amebeba chungu kidogo kilichofungwa kwa kanga, na hakukitua hata alipoambiwa akae. Binti yake Mutoni, mwenye miaka sita, alikuwa amevunjika paja na kulazwa ng'ambo ya pili ya bonde, mguu ukiwa ndani ya plasta. Hospitali humpa mgonjwa kitanda na dawa. Chakula hutoka nyumbani. Ambaye hana wa kumletea chungu hula kwa huruma ya kitanda cha jirani, na vitanda vya jirani navyo vina njaa zao. Kwa wiki tatu Mukabalisa alikuwa akikwepa kizuizi kwa kupita bondeni, matope mpaka magotini. Sasa mvua zilikuwa zimejaza bonde. Na kila Ijumaa lilipita lori la kuwazoa wasio na vibali na kuwarudisha makwao.

"Wakinipakia, shefu, mutoto anabaki na nani?" alisema. "Plasta inatoka mwezi ujao. Rwose, kweli kabisa, naomba ile karatasi."

Mutabazi alikipata kibali chake katika gunia la nne. Nywele zilikuwa zimefunika uso wote.

"Hapa naona pua," alisema.

"Ni yangu."

"Sikatai, mama. Lakini kifungu kinataka uso."

Jioni hiyo Mutabazi aliandika barua wizarani kuomba kinyozi mmoja kwa siku tano. Jibu lilikuja Jumatano, haraka kuliko alivyozoea: ofisi yake haikuwa na nafasi ya kinyozi, ila angeweza kuomba dereva. Gari hakuwa nalo. Alivaa koti, akapanda teksi hadi mtaa wa Biryogo, mjini humo humo, akamkuta kinyozi Nsabimana kwenye baraza yake karibu na msikiti, akimnyoa mtu kisogo.

Nsabimana alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Kibali chake kilikuwa katika gunia la tatu. Yeye alizaliwa Biryogo, na baba yake alizaliwa Biryogo, lakini askari wa kizuizini hakuwa na muda wa kusikiliza habari za kuzaliwa.

"Nitaanza na mimi," alisema. "Nikijikata, nitajua namna ya kufanya kwa wengine."

Hakujikata. Alitumia nusu ya wembe, mkasi wa kukatia kucha za watoto, na unyoya wa kuku wa kupakia povu. Picha hazikumsumbua. Wanaume waliinua kidevu wenyewe wembe ulipokaribia, na waliokuwa na mashavu yaliyobonyea waliyajaza pumzi ili ngozi ikazike. Mzee mmoja alipiga chafya kwa sababu ya sabuni. Nsabimana akamwambia, "Pole, muzee," akangoja atulie, akaendelea. Kufikia Alhamisi mchana alikuwa amemaliza magunia mawili na gunia la nne, ambalo Mutabazi aliomba litangulie. Nywele zilizofagiliwa zilijaza maboksi matatu.

Chini ya nywele kulikuwa na jambo jingine. Picha za vibali hupigwa studio, mbele ya pazia, mtu akiwa amevaa shati la kuazima na kujipaka mafuta. Studio haimpigi mtu ngumi. Lakini sasa huyu alikuwa na mdomo uliopasuka, yule jicho limefumba, mwingine sikio limevimba kama andazi. Nsabimana mwenyewe alikuwa na alama ya kitako cha bunduki kwenye paji la uso, mahali pale pale alipokuwa nayo Agosti.

Mutabazi alikasirika. Alikasirika mpaka kalamu ikatoboa karatasi mbili na kuacha wino mezani, kisha akatoka nje, akazunguka jengo mara moja, akarudi na kuomba kitana. Alipanga vibali mezani kwa safu, kama alivyokuwa akipanga madaftari ya mtihani.

Mukabalisa alipoitwa aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba hadi jicho likafumba.

"Nilimwambia bosi ni mulango ya kabati," alisema. "Hata Mutoni nilimwambia kabati." Akafuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akakifunga chungu upya, maana kifundo kilikuwa kimelegea.

Saa tisa sajini Eustache aliitikia wito wa kifungu cha saba. Aliwekewa kibali mbele yake, na Mukabalisa akasimama upande wa pili wa meza. Sajini aliangalia picha, akamwangalia mama, akaangalia tena picha.

"Haifanani," alisema. "Huyu shavu yake iko sawa. Ya picha imevimba."

"Kifungu hakisemi afanane leo," Mutabazi alisema. "Siku uliyomchukulia karatasi, alikuwaje?"

Sajini alipima majibu mawili. Akisema alikuwa hivyo, amekiri kipigo. Akisema hakuwa hivyo, basi alichukua karatasi kwa mtu asiye mwenyewe, na kosa hilo lina fomu ya kurasa tatu, nakala moja kwa kamanda wake. Mutabazi alikuwa tayari ameitoa fomu hiyo na kuiweka karibu na kiwiko cha sajini. Nsabimana alisimamisha mkasi. Picha nayo ilimtazama sajini, kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Sajini," Mukabalisa alisema, "mutoto anangoja kula."

Eustache alivua kofia, akaiweka gotini. Alichukua kalamu, akaandika polepole kwenye daftari la ofisi: Anafanana na siku ile. Akaongeza jina, cheo na tarehe. Mutabazi akapiga mhuri, akampa Mukabalisa kibali chake kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu cheti.

"Wengine?" sajini aliuliza.

"Wengine," Mutabazi alisema, akamsogezea safu ya pili.

Hadi saa kumi na moja sajini alikuwa ameandika maneno hayo mara themanini na saba. Mkono ulipokufa ganzi, Nsabimana alimnyoosha vidole kimoja kimoja, kama anavyofanya kwa wateja wake.

Ripoti ya Mutabazi ilikuwa na kurasa ishirini na sahihi themanini na saba. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilisema ripoti imepokelewa, na kwamba picha haziwezi kuwa mashahidi kwa kuwa haziwezi kula kiapo. Kuhusu kilichoandikwa na sajini halikusema lolote. Kizuizi kilibaki mahali pake, lori nalo lilibaki na Ijumaa yake. Mutabazi alitoboa tundu mbili kwenye barua hiyo, akaiweka kwenye faili, akaandika ripoti ya pili.

Lakini Ijumaa ile ya kwanza, siku moja baada ya sahihi, saa tano asubuhi, Mukabalisa alishuka Kimihurura kwa barabara ya lami, chungu kichwani. Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya kizuizi. Watu wanane walikuwa wamekwisha kukalishwa ndani, mikono mitupu. Askari mmoja aliyekuwa mgeni hapo alimwomba karatasi, akaisoma, akasita kwenye picha.

"Nani alikupiga?"

"Jina yake imeandikwa," Mukabalisa alisema. "Iko Kacyiru. Aliandika na mukono yake mwenyewe."

Askari alikigeuza kibali upande wa pili, hakuona jina, akakigeuza tena. Sajini Eustache, aliyekuwa amesimama karibu na lori, aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Askari akamrudishia mama karatasi yake na kuinua kamba ya kizuizi.

Mukabalisa alipita. Baada ya hatua tano alisimama, akageuka, na kwa sauti ya kunadia nyanya sokoni akawaambia wale waliokuwa ndani ya lori:

"Kacyiru! Nyumba ya njano, mulango wa pili. Mukifika kwenu, murudi. Museme munataka mukaguzi. Na ndevu zisiwasumbue, kinyozi iko."

Mwanamke mmoja akamwomba arudie. Akarudia mara mbili, na askari hakumkataza. Kisha akaanza kupanda kilima kuelekea hospitali, akitembea katikati ya barabara kabisa. Nyuma yake injini iliwaka, lori likaondoka na watu wake, na mpaka lilipokata kona aliwasikia, wote wanane, wakikumbushana kwa sauti: nyumba ya njano, mlango wa pili.